HUKUMU YA KUFYEKA NYASI NA VICHAKA KATIKA ARDHI YA HIFADHI ILI KUZUIA MOTO

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake wote.

Ama baad. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji wenye matawi na mapanga. Hadi unamalizika, uoto wa kilomita za mraba zipatazo 95 ulikuwa umeteketea. Oktoba 2022 mlima ule ule ukawaka tena. Huko Algeria, mwezi Agosti 2021, moto wa misitu uliua watu wasiopungua 90.

Baada ya misiba ya namna hii wataalamu hushauri kwamba nyasi kavu na vichaka vipunguzwe mapema, na njia za moto zifyekwe ndani ya hifadhi. Hapo ndipo baadhi ya ndugu zetu wanapouliza: Vipi serikali ikataze raia kukata hata kijiti, kisha yenyewe iingie na mafyekeo? Je, huo si ufisadi katika ardhi uliokatazwa katika Suratul-A'raf, aya ya 56? Swali hili lina uzito, na haifai kulijibu kwa kubahatisha.

ASILI YA HIFADHI KATIKA SHERIA

Jambo ambalo leo twaliita hifadhi lina asili katika fiqhi yetu, nalo huitwa himaa. Zama za Jahiliya mkubwa wa kabila alikuwa akijitengea malisho mazuri na kuwafukuza wanyonge. Mtume (s.a.w.) akaiondoa dhulma hiyo kwa kubainisha kuwa himaa ni ya Allah na Mtume Wake tu, kama ilivyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa As-Sa'b bin Jaththama (r.a.). Yeye mwenyewe akaihifadhi An-Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Baadaye Sayyidna Umar (r.a.) akahifadhi Ar-Rabadha na Ash-Sharaf.

Wanazuoni wakahitilafiana: Je, kiongozi wa baada ya Mtume (s.a.w.) anayo haki hiyo? Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ya Imam Shafi, kama alivyoithibitisha Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, ni kuwa anayo, kwa maslahi ya Waislamu, si kwa nafsi yake. Na akaongeza kuwa kiongozi anaweza hata kuitengua himaa aliyoiweka ikiwa haja italazimu.

Tuizingatie nukta hii. Ikiwa kuiondoa himaa yote kwa haja kunajuzu, basi kufyeka sehemu yake ili iliyobaki isalimike kuna haki zaidi ya kujuzu.

HATA KATIKA HARAM

Hakuna ardhi yenye katazo kali la kukata mimea kuliko Haram ya Makka. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) alipolitangaza katazo hilo siku ya Fat-h, ami yake Al-Abbas (r.a.) aliomba majani ya idhkhir yavuliwe kwa kuwa watu wanayahitaji kwa nyumba na makaburi yao, naye akayavua. Na Imam Nawawi amenakili katika Minhaj kuwa jamhuri ya wanazuoni wameruhusu kukata miiba, na kwamba kauli sahihi zaidi inaruhusu kuchukua majani ya kulishia wanyama na ya dawa.

Basi ikiwa mwiba unaochoma mguu wa mpita njia umeruhusiwa kukatwa ndani ya Haram, ambayo katazo lake ni la wahyi, vipi nyasi kavu zinazoweza kuunguza mlima mzima zisikatwe katika hifadhi ambayo katazo lake ni la ijtihadi ya watawala?

HADITHI YA MKUNAZI

Wapo wanaotoa hoja kwa hadithi iliyo katika Sunan Abi Dawud yenye kumtisha kwa moto mwenye kukata mkunazi. Lakini Imam Abu Dawud mwenyewe alipoulizwa aliifasiri kuwa anakusudiwa mwenye kukata mkunazi wa jangwani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, akaukata ovyo na kwa dhulma. Kwa hiyo kinacholaumiwa ni upuuzi na dhulma. Na katika Suratul-Hashr, aya ya 5, Allah (S.W.) amebainisha kuwa mitende ya Banu Nadhir iliyokatwa na iliyoachwa, yote ilikuwa kwa idhini Yake. Kukata, basi, hukumu yake hufuata lengo lake.

Na lengo hapa liko wazi. Moto hauwaki ila kwa vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuunguza. Jua na upepo havimo mikononi mwetu, lakini nyasi kavu tunaziweza. Moto wa nyasi hupanda kwenye kichaka, na kutoka kichakani hufika vileleni mwa miti. Ukiondoa ngazi ya chini, wa juu hausogei kirahisi. Kule Kilimanjaro miti ya juu hukamata ukungu na kuugeuza maji. Ikiungua, anayepungukiwa ni mkulima na mifugo yake huku chini. Kanuni ya fiqhi ni kuwa dhara kubwa huondolewa kwa kubeba dhara dogo.

MASHARTI YAKE

Kujuzu huku si mlango wazi kwa kila mwenye panga.

Kwanza, kazi ifanywe kwa amri ya mwenye mamlaka na ushauri wa wataalamu. Raia akiingia mwenyewe kwa kisingizio cha kuzuia moto amefanya uadui.

Pili, kilichoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ikitosha kufyeka nyasi, miti mikubwa isiguswe. Mwenye kuangusha mbao kwa jina la njia ya moto, kisha akaziuza, ameila amana ya umma.

Tatu, kufyeka kutangulizwe kabla ya kuchoma. Mtume (s.a.w.) aliwakemea Maswahaba waliokichoma kichuguu cha sisimizi, akabainisha kuwa haifai kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Wataalamu wakiona hapana budi kuchoma, iwe mapema baada ya mvua, nyasi zingali na unyevu, ili moto uwe mdogo na viumbe wapate pa kukimbilia.

Nne, majani na kuni zilizokatwa wapewe kwanza wanyonge. Umar (r.a.) alimwagiza Hunayy, msimamizi wa himaa, amruhusu mwenye vijimbuzi vichache na awazuie matajiri, akiwataja Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Hao mifugo yao ikifa wana mashamba ya kurejea, lakini maskini atamjia Khalifa na watoto wake akilia. Siasa gani ya hifadhi iliyo na huruma kuliko hii?

DHAMANA YA MWENYE KUWASHA

Ibn Qudama ameeleza katika Al-Mughni kuwa mwenye kuwasha moto katika shamba lake, ukavuka kwa jirani pasina uzembe wake, hadhamini. Akizembea, kwa mfano akauwasha penye upepo mkali, atadhamini. Hilo ni katika milki yake, seuze mrina asali, muwindaji au mchukuzi wa mizigo anayeacha kaa la moto katika ardhi ya umma? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuuzima moto kabla ya kulala na akauita adui yetu, baada ya nyumba moja kuungua usiku mjini Madina.

Maimamu wa misikiti iliyo jirani na misitu walikhutubie jambo hili kabla ya kiangazi, na waumini washirikiane na wahifadhi wakiitwa kufyeka. Kufyeka huko ni katika kusaidiana kwa wema, na mwenye kunuia kuzuia madhara kwa viumbe tunamtarajia ujira.

Wallahu a'lam.