Diski Zilizounganishwa Zinapokataa Kuhifadhi Faili

Shule, maktaba za jamii na maduka ya saiba hutumia kompyuta kuukuu yenye Linux kama seva, na kuunganisha diski mbili tatu kwa programu ya mergerfs ili zionekane kama ghala moja. Njia hii haina gharama kubwa. Shida huja siku mwalimu anapohifadhi alama za mtihani na skrini ikamwandikia "Permission denied", ilhali jana mambo yalikuwa sawa.

Mergerfs haina ruhusa zake yenyewe. Kila diski iliyo chini yake ina folda zenye mmiliki, kikundi na ruhusa zake. Kwenye ghala mtu huona ruhusa za diski moja tu, lakini faili mpya inaweza kupelekwa kwenye diski nyingine, kulingana na kanuni iliyowekwa ya kugawa nafasi. Ikiwa folda ya huko ni ya root, mwalimu atakataliwa. Ndiyo maana tatizo hili huja na kutoweka.

Kwa hiyo mhudumu wa seva asiangalie ghala pekee. Aangalie kila diski kwa amri ya ls -ld, mfano ls -ld /mnt/diski1/alama kisha /mnt/diski2/alama, na alinganishe majibu. Yakitofautiana, folda ipewe kikundi kimoja kwa chgrp, kisha chmod 2775. Ile 2 ya mwanzo hufanya faili mpya zirithi kikundi cha folda. Mtumiaji huongezwa kikundini kwa usermod -aG, naye lazima atoke na kuingia upya. Herufi a ikisahaulika, ataondolewa kwenye vikundi vyake vingine vya ziada, na hapo kazi inaongezeka.

Wengi hukimbilia chmod 777. Skrini hunyamaza, kweli, lakini sasa yeyote mwenye akaunti kwenye seva anaweza kusoma, kubadilisha au kufuta alama za wanafunzi. Rekodi hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na shule ndiyo itakayoulizwa.

Stima ikipotea na kurudi, huenda diski moja isiunganishwe. Folda tupu ya root hubaki mahali pake na kukataa faili. Amri ya findmnt itaonyesha diski inayokosekana. Ujumbe ukiwa "Read-only file system", hilo si suala la ruhusa: mara nyingi Linux imeifunga diski baada ya kugundua hitilafu. Data inakiliwe kwanza kwingine, kisha diski iondolewe kwenye mfumo na kukaguliwa kwa fsck.

Diski iliyotoka kwenye Windows ikiwa bado na mpangilio wa NTFS, huenda chmod isiisaidie. Mmiliki wake huwekwa kwa uid na gid ndani ya /etc/fstab, kisha diski huunganishwa upya.