Povu la Nairobi: Fizikia ya Jokofu la Bia ya Kegi Nyumbani Muthurwa

Bia ya kegi ni bia isiyotiwa chupani, bali hujazwa katika pipa la chuma kisichoshika kutu na kusukumwa hadi mferejini kwa nguvu ya gesi. Na jokofu la bia hiyo ni friji au friza ya kawaida iliyogeuzwa matumizi, pipa likawekwa ndani na mfereji ukatokeza mlangoni. Kwa maelezo hayo mafupi chombo hiki huonekana kuwa suala la baridi tu, na ndivyo wengi wanavyokichukulia mpaka siku wanapofungua mfereji wakapata kikombe cha povu na kidole kimoja cha bia. Baridi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni kanieneo, yaani kiasi cha nguvu inayosukuma kila sehemu ya eneo fulani, na katika mtaa ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kama ulivyo Muthurwa, hesabu yake si ile iliyoandikwa katika vijitabu vya maelekezo.

Kegi yenyewe si ngeni Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi ulipo mtaa huu. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza Senator, bia ya bei nafuu iliyolenga kuwavuta wanywaji waliokuwa wakitumia chang'aa na pombe nyingine zisizo na kibali, na serikali iliiunga mkono kwa kuisamehe ushuru. Kwa kuwa Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta mwaka huohuo, haikuchukua muda wanywaji wakaibandika bia hiyo jina lake. Msamaha wa ushuru ulipopunguzwa mwaka 2013 bei ilipanda na mauzo yakaporomoka, hata serikali ikalazimika kuuongeza tena mwaka 2015. Lakini miaka yote hiyo ya mapipa na majagi haikuwafundisha wanywaji wengi tabia ya kegi, kwa sababu pipa la baa huisha upesi. Pipa la lita 50 hutoa vikombe 100 vya nusu lita, ambavyo baa yenye wateja huvimaliza kwa jioni moja au mbili. Nyumbani, kwa vikombe viwili kila siku, pipa hilohilo hukaa siku 50. Katika siku hizo zote gesi iliyo juu ya bia huwa inaingia au inatoka ndani ya kinywaji bila kupumzika, na kosa dogo la kanieneo, ambalo baa haiwezi kuliona, hupata muda wa kutosha kuiharibu bia yote.

Gesi inayohusika ni kaboni dayoksaidi, ileile inayotolewa na hamira inapogeuza sukari kuwa kileo. Mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley alianza kuichunguza mwaka 1767 alipokuwa jirani wa kiwanda cha bia mjini Leeds, akagundua kwamba inaweza kuyeyushwa katika maji yakawa na ladha ya kuchangamsha, na uvumbuzi huo ndio asili ya soda zote. Mwaka 1803 mwenzake William Henry alitoa kanuni inayobeba jina lake hadi leo: kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na kanieneo ya gesi hiyo iliyo juu ya kimiminika, mradi halijoto isibadilike. Halijoto ikishuka, kimiminika hupokea gesi nyingi zaidi, ikipanda, huitapika. Bia nyingi za aina ya laga hubeba kiasi cha lita 2.5 za gesi katika kila lita ya kinywaji, na ili kiasi hicho kitulie katika nyuzi 3 za Selsiasi huhitajika kanieneo ya takriban psi 12, yaani pauni 12 kwa kila inchi ya mraba, ambacho ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye geji nyingi za gesi. Bia hiyohiyo ikiachwa katika nyuzi 20, kanieneo inayohitajika kuizuia isitoe gesi yake huzidi mara mbili ya hapo.

Hapa ndipo Nairobi inapotengana na vitabu. Geji ya regyuleta, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inayotoka katika mtungi, haipimi kanieneo yote iliyomo ndani ya pipa. Hupima tu ile iliyozidi kanieneo ya hewa ya nje, na ndiyo maana husoma sifuri ikiwa haijaunganishwa popote. Bia, kwa upande wake, haijui habari za geji, bali huitikia jumla ya kanieneo yote. Mombasa, hewa peke yake huchangia karibu psi 14.7, kwa hiyo geji ikisoma 12 jumla ni 26.7. Muthurwa, ambako safu ya hewa iliyo juu ya paa ni nyembamba zaidi, hewa huchangia karibu psi 12 tu, na geji ikisoma 12 jumla haifiki 24.5. Tofauti hiyo inatosha kuifanya bia iliyotulia vizuri pwani ianze kupoteza gesi polepole jijini, na tiba yake ni kuongeza kiasi cha psi 2.5 kwenye geji, yaani kuiweka kwenye 14.5 badala ya 12. Upungufu huohuo wa kanieneo ya hewa ndio unaowafanya wapishi wa Nairobi wachemshe maharagwe kwa muda mrefu kuliko wenzao wa Lamu, kwani maji ya jijini hutokota kabla ya kufika nyuzi 95. Inashangaza kwamba jambo linalojulikana hivyo jikoni husahauliwa kabisa mara pipa linapoingia nyumbani.

Kanieneo ikishaongezwa, tatizo huhamia kwenye mpira unaobeba bia kutoka pipani hadi mferejini. Bia iliyo chini ya psi 14.5 ikiachiwa ghafla katika hewa ya kawaida hulipuka kuwa povu, na dawa yake si kupunguza gesi, kama wengi wanavyofanya, bali ni kuichosha bia njiani. Mpira mwembamba huikwamisha bia kwa msuguano: ule wenye tundu la milimita 5 hupunguza kati ya psi 5 na 10 kwa kila mita, kutegemea ulaini wake na kasi ya mmiminiko, na kila mita ambayo bia inapanda kwenda juu hupunguza psi 1.4 nyingine. Lengo ni kwamba bia ifike mferejini ikiwa imebakiwa na nguvu ndogo tu ya kutoka kwa utulivu, takriban nusu lita kwa sekunde nane. Kwa Muthurwa urefu unaofaa huangukia kati ya mita moja na nusu na mita tatu, na busara ya fundi ni kuanza na mpira mrefu, kuuzungushia juu ya pipa, kisha kuukata kidogo kidogo, kwa sababu mpira uliokatwa haurefuki. Mpira wote ukae ndani ya baridi, kwani kipande kilichobaki nje hupata joto na kutoa kikombe cha kwanza chenye povu hata kama mengine yote yamepangwa sawasawa.

Kuhusu friji yenyewe, mashine hii na bia ni ndugu wa zamani, kwa maana mhandisi Mjerumani Carl von Linde aliendeleza mitambo yake ya baridi katika miaka ya 1870 akivihudumia viwanda vya bia vya Munich, vilivyokuwa vikitegemea barafu ya majira ya baridi. Pipa la lita 50 lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 60 na kipenyo cha karibu sentimita 40, kwa hiyo rafu za kioo haziwezi kulibeba, na sakafu ya friji huhitaji ubao mgumu wa kusambaza uzito. Friza ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu, hufaa zaidi, lakini thamostati yake hugandisha, na hivyo hulazimu kuwekewa kidhibiti cha nje kinachokata stima halijoto inapofika nyuzi 2 au 3. Kutoboa tundu la mfereji ni kazi ya mlangoni, au ya fremu ya mbao iliyopachikwa kati ya friza na kifuniko chake, si ya ubavuni, kwa sababu katika friji nyingi za sasa mabomba ya gesi ya kupoza hupita ndani ya kuta za pembeni, na gesi ya isobyuteni inayotumika katika nyingi kati yake hushika moto. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, walio umbali mfupi kutoka Muthurwa na ambao hukunja bati na chuma kwa ustadi usiohitaji ramani, wanaweza kutengeneza fremu na sinia ya matone bila taabu; tundu la ubavuni wasiombwe.

Stima nayo ina hesabu yake. Kupoza lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 3 ni kuondoa joto la takriban megajuli 4.5, na friji inayoondoa joto kwa kiwango cha wati 100 huhitaji zaidi ya saa 12 kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo pipa lililoletwa asubuhi halinyweki jioni, na anayelifungua mapema hupata povu tupu kisha akailaumu bia. Faida yake ni kwamba wingi huohuo wa bia huwa akiba ya baridi stima inapopotea. Ikiwa joto linapenya kuta za friji kwa wati 30, pipa lililojaa hupanda nyuzi moja kwa karibu saa mbili, na kukatika kwa stima kwa saa nne hakutaathiri sana kikombe. Pipa lililobaki robo hupanda kwa kasi ya mara nne, na katika muda huohuo bia hufika mahali pa kuanza kutapika gesi yake. Kupotea kwa saa nyingi, kama ilivyotokea nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hudai mlango usifunguliwe na mfereji usiguswe mpaka siku ya pili baada ya stima kurudi.

Jambo zito kuliko yote ni mtungi wa gesi, na hapa umbo la nyumba za Muthurwa haliwezi kupuuzwa. Mtaa huu ulijengwa na mamlaka ya reli enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika, kwa vyumba vidogo na huduma za maji na vyoo vya kushirikiana, na hadi leo familia nyingi hulala, hupika na kupokea wageni katika chumba kimoja. Mtungi wenye kilo 5 za kaboni dayoksaidi ukivuja wote hutoa zaidi ya mita 2.7 za ujazo za gesi. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5, ambacho kina mita 22.5 za ujazo, hiyo ni zaidi ya sehemu 10 katika kila 100 za hewa, ilhali sehemu 4 tu huhesabiwa na wataalamu wa usalama kazini kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Gesi hii haina rangi wala harufu inayoonya, tena ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hivyo hutuama chini, palepale watoto wanapotandikiwa godoro. Mtungi usimame nje ya chumba cha kulala, ufungwe usianguke, na kila kiungo kipakwe maji ya sabuni ili kuona kama kinatoa mapovu. Geji ya upande wa mtungi isiaminiwe kueleza gesi iliyobaki, kwa maana maadamu kuna kimiminika ndani husoma karibu bar 57 katika nyuzi 20, mtungi uwe umejaa au umekaribia kuisha. Kipimo cha kweli ni mizani. Wapo wanaoikwepa gharama ya gesi kwa kutumia pampu ya mkono inayosukuma hewa ya kawaida, na hiyo ni njia halali ya pipa la sherehe litakaloisha usiku uleule, lakini oksijeni huichakaza bia isiyonywewa kwa siku mbili au tatu tu.

Mpira na mfereji husafishwa kila baada ya wiki mbili kwa dawa ya magadi makali iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Pipa tupu ni mali ya kiwanda, hurudishwa, halikatwi kuwa jiko. Na kwa kuwa majirani wa ploti wataujua mfereji huo kabla ya wiki kwisha, ifahamike kwamba sheria ya Kenya ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inamruhusu mtu mzima kunywa bia yake nyumbani, lakini kikombe cha kwanza kitakachouzwa, hata kwa shilingi kumi, kinahitaji leseni.