Je, Wajua? Besi, Kutoka kwa Tembo Hadi kwa Sabufa

Je, wajua kwamba tembo wa Serengeti huzungumza chini ya uwezo wa sikio lako? Binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, yaani hezi 20. Tembo hushuka chini ya hapo. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Katy Payne, akiwa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, alihisi mtikisiko asiousikia. Baadaye yeye na mtafiti mwenzake Joyce Poole waliuthibitisha kwa tembo wa Amboseli, Kenya. Besi hiyo huenda kilomita kadhaa. Mlinzi wa shamba katika kijiji cha Robanda, kando ya Serengeti, anaweza kudhani usiku umetulia, kumbe wageni wanaitana.

Je, wajua kwamba wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17? Sebule gani Tarime mjini ina urefu huo? Katika chumba cha mita 4, besi ya takriban hezi 43 hujazana ukutani na kufifia katikati. Aliyeketi katikati atasema sabufa imekufa. Aliyeegemea ukuta ataomba ipunguzwe. Wote wawili wanasema kweli.

Je, wajua ile .1 katika mfumo wa sauti wa 5.1 ni nini? Ni chaneli ya besi peke yake: milipuko, radi, vishindo, visivyozidi hezi 120. Hurekodiwa kwa kiwango cha chini, na mtambo wako ndio unaopaswa kuipandisha kwa desibeli 10. Usipofanya hivyo, bomu hulia kama mlango uliobamizwa. Ukiunganisha deki kwa waya mwekundu na mweupe tu, kwa kawaida chaneli hiyo huachwa kabisa. Hapo hata ukibadilisha spika mara tatu, ni hasara tupu.

Risiva, yaani mtambo unaoendesha spika, ikikuuliza kama spika zako ni kubwa au ndogo, haiulizi kimo cha boksi. Ukijibu ndogo, besi iliyo chini ya kiwango fulani, mara nyingi hezi 80, hupelekwa kwenye sabufa. Wengi hujibu kubwa, kwa fahari, kisha wanashangaa sabufa imenuna.

Na ule mvumo usiokoma hata muziki ukizimwa? Mara nyingi ni umeme wenyewe: Tanzania hezi 50, Marekani 60.

Lakini besi haihitaji umeme: litungu, ala ya muziki ya Wakurya, lina nyuzi 8 na ngozi iliyowambwa. Halina waya wala rimoti, na kwa sikio langu besi yake inazishinda sabufa nyingi za madukani.

Kabla hujaiuza sabufa yako kwa kudhani ni mbovu, tazama nyuma yake. Kama ina swichi ya 0 na 180, cheza wimbo mmoja, mtu aigeuze huku wewe umeketi mahali pako pa kawaida. Spika zikisukuma hewa kwa kupingana, besi hufutana. Iache pale inapolia kwa nguvu zaidi.