Lipasi mbele ya sabuni

Shati jeupe lililomwagikiwa mchuzi wa sombe iliyoungwa kwa mawese huwapa kazi wafuaji. Mawese yanauzwa sana katika soko la Mudaka, kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu, na doa lake haliogopi maji matupu. Mafuta hayo hayo, yakishaliwa, huvunjwa tumboni na kimeng'enya kiitwacho lipasi.

Lipasi huishi ndani ya maji, lakini chakula chake ni mafuta. Kwa hiyo hufanya kazi mpakani tu, pale tone la mafuta linapogusana na maji. Hapo ndipo sabuni inapoingia. Kila molekuli yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na hulipasua tone kuwa vitone. Tone moja likigawanywa kuwa vitone 1,000 vilivyo sawa, eneo la mpaka huongezeka mara 10. Lipasi hupata pa kushika, na kazi huenda haraka.

Sabuni ikizidi, mambo hugeuka. Molekuli zake huujaza mpaka wote na kukisukuma kimeng'enya kando. Zile kali, kama sodiamu lauri salfati iliyomo katika shampuu nyingi, hulifumua hata umbo la kimeng'enya chenyewe, nacho kikipoteza umbo kimekwisha.

Ajabu ni kwamba mwili nao unakabiliwa na tatizo hilohilo. Nyongo inayotoka kwenye ini hufanya kazi ya sabuni: huyapasua mafuta, lakini chumvi zake pia huiondoa lipasi mpakani. Kongosho hutoa basi protini ndogo, kolipasi, inayoishikiza lipasi juu ya tone. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeonyesha, mnamo 1848, kwamba maji ya kongosho huvunja mafuta. Kazi ya kolipasi ilieleweka zaidi ya karne moja baadaye.

Watengenezaji wa sabuni ya unga walihitaji lipasi inayostahimili sabuni. Mwaka 1988 kampuni ya Novo ya Denmark iliuza Lipolase, iliyotokana na kuvu Thermomyces lanuginosus. Jeni yake iliwekwa ndani ya kuvu nyingine, Aspergillus oryzae, ambayo Wajapani huitumia kuchachusha soya. Hata hivyo lipasi hiyo ilifanya kazi zaidi nguo ilipokuwa ikikauka, maji na sabuni vikiwa vimepungua, hivyo doa lilitoka vizuri katika ufuaji uliofuata.

Mchikichi nao una lipasi yake. Tunda likipondeka, kimeng'enya hicho huanza kuyavunja mafuta, na mawese huwa na asidi nyingi. Ndiyo maana matunda hupikwa mapema kabla ya kukamuliwa: joto kali hukiua. Maji yanayochemka huiua vilevile lipasi iliyomo katika sabuni ya unga, kwa hiyo mfuaji wa Mudaka anayetaka kuitegemea atumie maji ya vuguvugu na kuiacha nguo iloweke.