Fahamu: Kiashiria cha bure kinaweza kukugharimu akaunti

Machi 2025 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Malwarebytes ilionya kuhusu nakala za TradingView, programu ya chati za bei, zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure kupitia mtandao wa Reddit. Ndani yake mlikuwa na programu za wizi: Lumma kwa wenye Windows, AMOS kwa wenye Mac. Baadhi ya waliopakua walipoteza sarafu zao za kidijitali.

Viashiria vya chati vilivyoibwa vina mtego uleule. Kiashiria ni programu ndogo inayosoma bei na kuchora mistari au mishale juu ya chati. Kwenye MetaTrader 4, programu ya kufanyia biashara ya fedha za kigeni, mara nyingi huja kama faili la .ex4, ambalo limeshafungwa. Huwezi kusoma kilichomo. Kisha maelekezo yanayokuja nalo huweza kukutaka uruhusu faili za DLL, yaani msimbo wa nje ya MetaTrader. Hapa simama. Ukiruhusu, programu hiyo inatoka nje ya uzio wa MetaTrader na inaweza kunakili nywila au kubadilisha anwani ya pochi unayotaka kuipelekea pesa. Na kompyuta hiyo hiyo ndiyo unayofungulia barua pepe na benki.

Hata pasipo kirusi, baadhi ya viashiria huhamisha mishale yao bei ikishapita, hivyo chati ya jana huonekana haijakosea hata mara moja. Mnunuzi halali ana mtengenezaji wa kumuuliza. Wewe uliyechukua nakala ya wizi huna.

Kama umeshasakinisha kiashiria cha aina hiyo, badilisha nywila zako zote leo, lakini kwa kutumia kifaa kingine.