Kabla ya Deira, simama kwanza mbele ya ubao

Safari yangu ya kwanza ya Dubai nilipoteza fedha kabla sijanunua hata kitambaa kimoja. Mtaji ule niliukusanya mwaka mzima pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na sehemu yake ilikuwa zamu yangu ya upatu. Niliingia duka la kwanza la kubadilisha fedha nililolikuta, nikanunua dola. Kule nikashukia uwanja wa ndege, na kwa hofu ya kukosa nauli ya teksi nikabadilisha dola zote kuwa dirhamu papo hapo. Nikarudi na dirhamu 900 zilizobaki, nikazigeuza dola, kisha dola nikazigeuza shilingi. Hakuna aliyeniibia. Kila dirisha lilikata chake kihalali na risiti nikapewa.

Dukani kwangu sasa akina dada wanaoanza biashara huniuliza wapi pana bei nzuri ya dola. Mimi huwauliza kwanza: fedha yako itapita madirisha mangapi? Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko tofauti ya shilingi tano kati ya duka hili na lile.

Tazama ubao wa duka lolote la fedha. Kila sarafu ina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na zote zimeandikwa kwa upande wa mwenye duka. Wewe unayetaka dola unasoma safu ya kuuza, maana yeye ndiye anayekuuzia. Tuseme ubao unaonyesha dola ananunua kwa 2,450 na anauza kwa 2,500. Ukichukua dola 1,000 unatoa shilingi 2,500,000. Safari ikiahirishwa jioni hiyo hiyo ukarudisha dola zako, unapewa 2,450,000. Shilingi 50,000 zimekwenda, na hujapanda hata daladala. Ndiyo maana hata anayekuandikia kwamba hatozi komisheni bado amepata faida yake. Iko ndani ya hizo bei mbili, na ni haki yake, lakini kazi yako ni kumpitia mara chache iwezekanavyo.

Sasa kuna jambo moja ambalo kila anayekwenda Dubai angepaswa kulijua. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725. Haipandi wala haishuki kama shilingi yetu. Maana yake unaweza kumkagua mwenye duka kwa kikokotoo cha simu. Tuendelee na mfano wetu. Gawanya 2,500 kwa 3.6725, unapata kama 681. Kama ubao huo huo unauza dirhamu kwa 700, ujue dirhamu ya hapo imeongezwa bei kubwa. Chukua mtaji wa shilingi milioni 10. Ukinunua dirhamu moja kwa moja kwa 700 utapata 14,285. Ukinunua dola utapata 4,000, na duka la fedha la Deira, kule Dubai, likikupa 3.65 kwa dola, unashika mkononi dirhamu 14,600. Umepita madirisha mawili badala ya moja, na bado umebaki na dirhamu 315 zaidi. Kwangu mimi hizo ni chakula cha safari nzima. Lakini siku ubao ukiuza dirhamu kwa 683, nunua dirhamu hapo hapo nyumbani. Hesabu ndiyo inayoamua, si mazoea.

Hesabu hiyo inawafaa na wengine. Riyali ya Saudia nayo imefungwa, 3.75 kwa dola, kwa hiyo anayekwenda Umra aigawe bei ya dola kwa 3.75. Riyali moja ya Omani ni takriban dola 2.60, kwa hiyo anayekwenda kwa jamaa zake Muscat azidishe. Anayempeleka mgonjwa India hana namba ya kushika namna hiyo, kwa kuwa rupia haijafungwa kwenye dola na bei yake inabadilika. Huyo atazame bei ya siku.

Noti zenyewe nazo uzikague. Siku moja nilipeleka dola 100 yenye picha ndogo ya Franklin, zile za kabla ya 1996. Binti wa dirishani akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga, akaniambia taratibu, "Mama, hii hatuichukui." Kisheria noti ile ni halali, Marekani haijazifuta noti zake za zamani. Lakini sheria ya Marekani haikusaidii ukiwa kwenye foleni. Tangu siku hiyo, ninaponunua dola naomba za 100 zenye utepe wa buluu, zilizoanza kutoka 2013, na naikagua kila moja kabla sijatoka dirishani: isiwe na mchaniko, mhuri wala alama ya kalamu. Noti ndogo za dola 1, 5 na 10 mara nyingi hupewa bei ya chini. Nabeba chache tu.

Uwanja wa ndege badilisha fedha ya teksi na maji, basi. Zilizobaki zisubiri mjini, ambako maduka ya fedha yako jirani jirani na yanagombea mteja. Ulizia mawili au matatu, na swali liwe hili: "Kwa dola zangu 1,000 nitapokea dirhamu ngapi mkononi?" Jibu la swali hilo tayari limekata komisheni na kila kitu.

Ukitumia kadi, mashine inaweza kukuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirhamu. Chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, bei anapanga mwenye mashine, na mara nyingi huwa mbaya. Kabla hujaondoka, ulizia benki yako inakata kiasi gani kila unapotoa fedha nje.

Mwaka 2023 dola ziliadimika Tanzania, na watu wakaanza kuzitafuta kwa vijana wa barabarani. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Kijana wa barabarani hana risiti, na ukigundua noti bandia jioni huna mlango wa kugonga. Mwaka ule niliahirisha safari wiki tatu, nikanunua dola zangu kidogo kidogo benki na kwenye maduka yenye leseni. Iliniuma, lakini mtaji ulibaki mzima.

Dada yangu unayeondoka wiki ijayo, usiendee fedha siku ya safari na begi begani. Nenda siku tatu kabla, na pasipoti yako mkononi. Angalia kwanza bei ya Benki Kuu, ambayo hutolewa kila siku ya kazi, uwe na pa kulinganishia. Kisha simama mbele ya ubao, soma safu ya kuuza, gawanya kwa 3.6725. Ndipo ufungue pochi.