Picha ikiganda kwenye TV ya intaneti, pima kwanza kabla ya kulipa zaidi

Wenye nyumba za wageni, wapangishaji wa fleti kwa siku na wauzaji wa vifaa vya TV wanalijua vyema lalamiko hili: picha inaganda, duara linazunguka kwenye kioo, na mteja anataka arudishiwe fedha zake. Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kupandisha kifurushi cha intaneti. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa sababu kasoro haiko kwenye kifurushi bali kati ya ruta na TV.

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba anayeongeza sh. 30,000 kwa mwezi ili apate kasi kubwa zaidi. Kwa mwaka atakuwa ametoa sh. 360,000. Kama kasoro ilikuwa ni ruta iliyofichwa kabatini, picha itaendelea kuganda na kifurushi kipya kitaendelea kulipiwa.

KASI INAYOHITAJIKA

Kampuni ya Netflix inashauri kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 720, megabiti 5 kwa kiwango cha 1080 na megabiti 15 kwa picha ya 4K. Kwa hesabu hiyo, kifurushi cha megabiti 20 kinatosheleza TV tatu za 1080 zikitazamwa kwa wakati mmoja, na ziada ikabaki kwa ajili ya simu. Mwenye megabiti 20 ambaye TV yake moja inaganda hana sababu ya kununua 40 kabla ya kujua zile 20 zinaishia wapi.

Ni vyema pia kutochanganya megabiti na megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. TV inayopokea megabiti 5 kwa sekunde kwa saa nzima hula gigabaiti 2.25, na inayopokea megabiti 15 hula gigabaiti 6.75. Anayetumia kifurushi chenye kikomo afanye hesabu hiyo mapema, kwani kutazama saa 4 kwa siku kwa megabiti 5 ni gigabaiti 270 kwa siku 30.

Aidha, vipo vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo ambavyo kasi yake hupunguzwa mteja akishatumia kiasi fulani. Dalili yake ni TV inayoonyesha vizuri mwanzoni mwa mwezi na kuanza kuganda mwishoni.

VIPIMO VITATU

Kazi ya kwanza ni kujua hitilafu iko upande gani. Tovuti ya fast.com, ambayo ni ya Netflix yenyewe, hupima kasi bila malipo, ingawa upimaji hula sehemu ya kifurushi.

Kipimo cha kwanza kifanywe kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Hiyo ndiyo kasi inayoingia nyumbani. Kipimo cha pili kifanywe kwa simu yenye waifai, mita 2 kutoka kwenye ruta. Cha tatu kifanywe kwa simu hiyohiyo pale ilipo TV, milango ikiwa imefungwa kama kawaida. Vipimo hivyo virudiwe saa 2 usiku, wakati watu wengi wako majumbani wanatazama.

Kipimo cha kwanza kikiwa kibaya, tatizo ni la mtoa huduma au laini yake. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha tatu kibaya, tatizo liko ndani ya nyumba. Vyote vitatu vikiwa vizuri na TV bado inaganda, kifaa chenyewe ndicho cha kuchunguzwa.

MAWIMBI NDANI YA NYUMBA

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini yana msongamano. Ruta za majirani, vifaa vya bluetooth na hata oveni za maikrowevu hutumia eneo hilohilo. Humo ndani, njia ambazo haziingiliani ni tatu tu, yaani namba 1, 6 na 11. Kwenye jengo la fleti lenye ruta kumi, zote hugombea njia hizo. Mawimbi ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, ila hudhoofika haraka yakikutana na kuta za zege na tofali.

Kwa hiyo, TV iliyo chumba kimoja na ruta iunganishwe na mawimbi ya 5. Iliyo nyuma ya ukuta mmoja ijaribiwe kwa yote mawili. Iliyo nyuma ya kuta tatu isitegemewe kwa waifai hata kidogo.

Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu na mahali pa wazi, si kabatini, nyuma ya friji au sakafuni. Hali kadhalika, vifaa vidogo vinavyochomekwa nyuma ya TV huzibwa na TV yenyewe. Kipande kifupi cha waya wa HDMI husaidia kukisogeza kifaa pembeni ili kipokee mawimbi.

Hata hivyo, dawa ya kudumu ni waya wa mtandao. Waya wa Cat5e hupitisha hadi gigabiti 1 kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, na hununuliwa mara moja tu. Kwa kifaa kisicho na tundu la waya, zipo adapta zake.

Ripita nayo inasaidia ikiwekwa nusu ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu. Ikiwekwa kwenye chumba ambacho mawimbi yamekwisha, itasambaza udhaifu uleule. Isitoshe, ripita inayopokea na kurusha kwa mawimbi yaleyale hupunguza kasi kwa karibu nusu.

KIFAA CHENYEWE

Wengi huchomeka kifaa kwenye tundu la USB la TV ili kuokoa soketi. Tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake hutoa nusu ampea, na vifaa vingi huhitaji zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kujizima na kujiwasha, na lawama huangukia intaneti. Kila kifaa kitumie chaji iliyokuja nacho.

Tarehe na saa pia ziangaliwe, kwani kifaa chenye tarehe isiyo sahihi hukataliwa na huduma nyingi. Nafasi ya kuhifadhi programu ikijaa, kifaa hupungua mwendo.

Wakati mwingine kosa ni la kiwandani. Mwezi Machi 2025, vifaa vya Chromecast vya toleo la pili, lililotoka mwaka 2015, viligoma kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda. Google iliwataka wateja wasivirudishe katika hali ya kiwandani, kisha ikatoa marekebisho. Vifaa vya aina moja vikigoma siku moja kwa watu wengi, busara ni kusubiri taarifa ya kampuni na kutonunua kingine kwa haraka.

NJE YA NYUMBA

Tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo hakuna ruta wala waya utakaosaidia.

Kama kasoro ni ya mtoa huduma kwa siku nyingi, mteja apeleke malalamiko akiwa na vipimo vyake vya kwanza, vikiwa na tarehe na saa. Asiporidhika na majibu, kwa Tanzania anaweza kuyafikisha TCRA.

KWA WAUZAJI

Muuzaji anayepokea kila kifaa kinachorudishwa hubeba hasara isiyo yake. Kabla ya kurudisha fedha, amuulize mteja mambo matatu: kifaa kilichomekwa kwenye chaji gani, kuna kuta ngapi hadi kwenye ruta, na simu inapata kasi gani pale ilipo TV. Vilevile ni vyema akijaribu kifaa hicho kwenye intaneti ya dukani mteja akiona.

Kwa mwenye nyumba, utaratibu wa kutoa fedha uwe huu: kwanza vipimo, pili kuhamisha ruta, tatu chaji sahihi, nne waya. Kifurushi kikubwa kije mwisho, tena pale tu kipimo cha kwanza kitakapoonyesha kwamba kasi inayoingia ndani haitoshi idadi ya TV zilizopo.